Gari Ilale Kwangu Kwanza

Siku mliponikatia keki ya kuniaga pale yadi, mlitaka nitoe hotuba. Nikasema asanteni, nikakaa chini. Hotuba ni ya watu waliosoma, na mimi niliachia darasa la tano. Lakini maneno nilikuwa nayo, kwa hivyo nimeyaandika na mkono wangu, polepole, kwa daftari la mistari. Nyinyi mnaobaki na spana zangu, someni. Mkiona kosa la Kiswahili, pitieni tu. Mkiona kosa la injini, njooni nyumbani tuongee.

Nilianza Elburgon, kwa mashine ya kupasua mbao. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na mtoto mgongoni, na kazi niliyopewa ilikuwa kufagia vumbi la mbao na kupika chai. Injini iliyozungusha msumeno ilikuwa dizeli ya silinda moja, kubwa kama ndama amelala, na mwenyewe alikuwa Mzee Gathogo. Nasema mwenyewe ingawa ilikuwa ya tajiri, kwa sababu huyo tajiri hakuwahi kuigusa hata siku moja. Aliogopa kuchafua suruali.

Wiki ya pili nikamwambia Mzee, "Leo inakohoa kabla ya kuvuta pumzi."

Akaniangalia. "Nani amekufundisha hiyo?"

"Hakuna. Nasikia tu, nikifagia."

Akaizima, akafungua, akapata noseli, ile ya kunyunyiza mafuta, inavuja dizeli. Kesho yake fagio ilipewa mtu mwingine. Chai pia ilipewa mtu mwingine, na ilikuwa mbaya mpaka siku ile nilitoka Elburgon.

Mzee Gathogo hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na kijiti cha mti wa podo, urefu wa mkono, kimelainika kwa kushikwa. Ncha moja unaweka kwa injini, ncha ingine unaweka kwa mfupa nyuma ya sikio, na vile vitu vyote vilivyofungiwa ndani ya chuma vinakuja kukusalimia. Nyinyi siku hizi mko na kompyuta ya kuchomeka chini ya usukani. Ni sawa, itumieni. Lakini ile kompyuta inakuambia kile gari inajua juu yake yenyewe, na nimejua magari mengi ambayo hayakujijua.

Alinifundisha mambo mawili tu ambayo nitayaandika hapa, kwa sababu ndiyo yatahitajika mbele.

La kwanza: sauti ya nyuma, ile ya ekzosi, ni ya watu wa barabarani. Sauti ya fundi iko mbele.

La pili: usiseme neno juu ya injini ambayo imekuja ikiwa moto. Injini moto imepakwa poda. Oili imepanda, vyuma vimepanuka vikajaza nafasi zao, kila kitu kinateleza. Wacha ilale. Asubuhi, ikiwa baridi kabisa, iwashe wewe mwenyewe, na itakuambia umri wake na magonjwa yake yote. Ndiyo maana mtu yeyote aliyeniletea gari nimpimie kabla ya kununua alisikia maneno yale yale: gari ilale kwangu kwanza. Wengine walikasirika wakaondoka. Wengi wa walioondoka niliwaona tena, wakivutwa na kamba.

Pale Elburgon ndipo niliona ile gari. Kulikuwa na mzungu wa shamba la pareto upande wa Molo, mzee, na alikuwa na gari ya michezo nyekundu, ya chini, huwezi kupitisha hata paka chini yake. Alikuwa akiitoa siku za jua tu. Siku moja ikapata joto sana ikasimama kwa lango letu. Mzee Gathogo akaongeza maji, akaangalia feni, akasema iwashwe. Kisha akaweka kijiti, akafunga macho, akakaa hivyo mpaka yule mzungu akaanza kuangalia saa. Halafu Mzee akafanya kitu hakuwahi kufanya kwa injini ya mteja. Akanipatia kijiti.

Silinda kumi na mbili. Sikujua hesabu wakati huo, aliniambia baadaye. Nilichosikia kilikuwa kama chumba kimejaa cherehani, zote zinashona nguo moja na hakuna inayoingilia nyingine. Gari ilipoondoka Mzee alisema, "Hiyo hutasikia tena." Na kweli, yule mzungu aliuza shamba, gari ikaenda sijui wapi, na mimi nikabaki na hiyo sauti zaidi ya miaka arubaini. Nawaambia hivi ili muelewe nilivyokosea. Sijitetei.

Nilishuka Nakuru mtoto wangu alipoanza shule, na kile kijiti Mzee aliniachia. Malori ya mbao, malori ya mahindi, matrekta. Wateja walikuwa wakiingia yadi wanauliza, "Fundi ako wapi?" Nilikuwa nasema, "Unamwangalia." Wengine waliangalia nyuma yangu. Mwanamume mmoja wa kuuza nafaka alikaa juu ya tairi saa nne akingoja fundi arudi, na mimi nikitengeneza lori yake mbele ya macho yake. Nilipomaliza nilimwambia fundi amepita, awashe lori atoke.

Watu huniuliza napenda injini gani. Jibu halijabadilika. Napenda dizeli ya zamani, blok ya chuma cha kumwaga, silinda nne, pampu yake ya kuzungushwa na gia bila waya wa kuiambia nini cha kufanya. Unaifungua na spana tano na kuifunga na hizo tano, na ikibaki nati moja kwa meza unajua ni makosa yako. Petroli nayo ina mbio, sikatai, lakini inataka cheche, na cheche ni kitu cha kuogopa maji. Peleka petroli ya zamani Olenguruone mwezi wa mvua, utarudi na miguu. Hizi mpya zenye turbo ndogo na silinda tatu sizisemi. Mtu asipokuwa na kitu kizuri cha kusema juu ya mtoto wa jirani, asalimie tu apite.

Na katika dizeli zote nilizoshika, hakuna niliyoijua kama ile ya pikapu ya Kiplagat.

Kiplagat ni mkulima wa viazi huko Olenguruone, amefiwa na mke, mtu mpole, kofia yake haitoki kichwani mpaka aingie kanisani. Hiyo pikapu ndiyo iliyotoa viazi vyake shambani miaka yote, kwa ile barabara ya udongo ambayo lori hukataa. Injini niliifungua yote mara mbili. Taima ya hita, ile ya kupasha injini moto kabla ya kuwaka, ilipokufa sikununua ingine. Nilimwekea kibonyezo chini ya dashibodi, pale goti linagusa. Asubuhi unabonyeza, unahesabu ishirini bila haraka, halafu unawasha. Ukihesabu kumi haiwaki. Usipojua kibonyezo kipo, utamaliza betri ukiitukana. Kiplagat alikuwa anahesabu kwa Kikalenjin, na nadhani ilikuwa inamwelewa.

Basi mwaka wangu wa mwisho kazini, Alhamisi moja alasiri, nilikuwa chini ya lori nikasikia mngurumo unaingia lango. Nikatoka. Ilikuwa nyekundu. Ilikuwa chini. Mabega yale yale, taa zile zile zimefunikwa na kioo, mdomo ule ule wa samaki. Nyuma yake ikaja pikapu ya Kiplagat, na Kiplagat ndani akitabasamu kama bwana arusi.

Aliyeshuka kwa ile nyekundu alikuwa kijana wa Nairobi anaitwa Dan, viatu vyeupe, miwani juu ya kichwa.

"Sasa mathe. Wewe ndio ile legend ya Nakuru?"

"Mimi ni fundi. Zima gari."

Kiplagat akanivuta kando. Wanabadilishana, akasema. Pikapu kwa hii. Walikuwa wameelewana kwa simu, na wamekubaliana kitu kimoja: Mama, yaani mimi, akisema ni yenyewe na si ya kuigizwa, wanapeana mkono hapo hapo. "Mama, tangu nikiwa mvulana naona hizi kwa kalenda. Mama watoto aliniambia tukimaliza kusomesha, ninunue kitu changu kimoja. Tulimaliza. Yeye hayuko. Nataka niingie nayo kanisani Jumapili."

"Na viazi utabeba na nini?"

"Nitakodisha."

Ilipaswa niseme ilale. Midomo yangu inajua hayo maneno kuliko jina langu. Lakini nilikuwa nimeshaweka mkono juu ya ile bodi. Otieno, fundi wetu wa bodi, ambaye mnamjua hana adabu, akagonga mlango wa gari kwa kidole akasema, "Mama, hii ni faiba. Hii si chuma."

Nikamwambia, "Hata za ukweli zingine zilikuwa faiba. Rudi kwa putty yako."

Hiyo ilikuwa kweli kwa magari mengine. Kwa hili sikuwa najua. Nilitaka tu anyamaze.

Dan akafungua boneti kidogo. "Ni moto, mathe, usichomeke." Nikaona vifuniko viwili virefu vyekundu, kimoja kila upande wa injini, na mabomba yanang'aa katikati. Akafunga. Akaingia, akaiwasha, akakanyaga mafuta. Nilikuwa nimesimama nyuma. Ule mngurumo ukapita kwa kifua changu, na mimi, mwanamke mzima na wajukuu sita, nikawa nimesimama tena kwa lango la Elburgon.

Nikasema, "Ni yenyewe."

Wakapeana mkono. Dan akachukua funguo za pikapu. Karatasi wangemaliza kesho yake. Kiplagat alikuwa ameshasahau pikapu kabisa, hata hakumwambia mwenzake juu ya kibonyezo. Akaniachia ile nyekundu niifanyie sevisi, akaenda kulala kwa binti yake mtaa wa Free Area. Dan akaondoka na pikapu ikiwa bado moto, akaingia lojing hapo juu ya barabara.

Kwa hivyo gari ililala kwangu. Ililala baada ya mimi kusema, badala ya kabla.

Asubuhi nilifika mapema na kijiti mkononi. Nawaambia ukweli, nilikuja kwa furaha. Sikuja kupima. Nilikuja kusikiliza. Nikafungua boneti, nikaingia, nikaiwasha ikiwa baridi, nikashuka, nikaenda mbele, nikaweka ncha kwa blok na ncha kwa sikio.

Moja, mbili, tatu, nne. Moja, mbili, tatu, nne. Na ya tatu imechoka.

Niliijua hiyo injini. Nyinyi nyote mnaijua. Inasukuma zile gari ndogo za saluni za kubeba maziwa na walimu. Hakuna ubaya nayo, ni injini ya heshima, lakini hapo ilikuwa imevalishwa nguo za mtu mwingine. Nikazima. Nikachukua spana namba kumi, nikafungua kifuniko kimoja chekundu. Chini yake kulikuwa na chuma cha kukishikilia, na hewa. Nikaangalia nyuma. Ekzosi ilikuwa bomba pana limetobolewa ndani ili lipige kelele.

Nikakaa kwa stuli na kile kifuniko kwa mapaja. Otieno akaingia, akaona.

"Si nilisema ni..."

"Ulisema. Nimesikia. Weka chai."

Kabla chai haijachemka, lango likafunguliwa na wanaume wanne wa mkokoteni wakisukuma pikapu ya Kiplagat, na Dan nyuma yao, viatu si vyeupe tena. Na kabla sijasimama, Kiplagat naye akaingia kutoka Free Area, koti la Jumapili siku ya Ijumaa, na kitambaa kipya cha kupangusia gari kimekunjwa mkononi.

Dan hakusalimia. "Mzee, umeniuzia skrap! Haiwaki hata na maombi! Leta gari yangu, deal imekufa."

Mafundi wote wakaacha kazi. Na mimi, sitawaficha, nilifurahi. Hapo mlango ulikuwa wazi. Kila mtu angechukua gari lake, nami ningerudisha kile kifuniko na boliti zake mbili, na neno langu lingebaki safi mpaka kaburini. Otieno alikuwa ananiangalia. Nikainamia kile kifuniko, nikakipangusa vumbi.

Lakini Kiplagat alikuwa ameshavua kofia. "Kijana, tafadhali, tusivunje. Mama hapa amesema hii ni yenyewe, na Mama hasemi mara mbili. Pikapu ikikushinda nitakuongezea ng'ombe. Nina mtamba mmoja ana mimba. Nitakuongezea."

Dan akakuna kidevu. "Ng'ombe mmoja ama wawili?"

Nikasimama.

"Dan. Lete funguo za pikapu."

"Za nini?"

"Hujui kuiwasha. Mimi najua. Lete."

Akanirushia. Nikaziweka mfuko wa ovaroli, nikafunga zipu. Halafu nikachukua za ile nyekundu kutoka kwa meza, nikampatia mkononi. Mimi ni mzee lakini si mjinga. Kwanza funguo, halafu maneno.

"Sasa kila mtu asikie," nikasema. "Jana nilisema hii gari ni yenyewe. Nilikosea. Imechongwa. Bodi ni faiba, Otieno aliniambia nikamfukuza. Injini ni ya saluni ndogo, silinda nne, na ya tatu inapoteza kompresheni. Hivi vifuniko ni vitupu." Nikashusha kile kimoja kwa benchi kikalia kama sufuria. "Nilisikiliza nyuma, sikusikiliza mbele. Nilisema kabla haijalala. Hakuna aliyenidanganya kuliko mimi mwenyewe."

Dan akacheka. "Mathe, wacha noma. Si ni wewe ulisema? Kuna mashahidi."

"Wako. Na wamesikia ya leo pia. Wewe ulijua?"

Akavaa miwani.

"Deal umevunja mwenyewe, mbele ya hao mashahidi. Nenda salama. Ile ya tatu iangaliwe kabla ya Naivasha."

Tukafunga betri yetu kwa pikapu, nikapanda. Nikabonyeza pale goti linagusa, nikahesabu ishirini kwa sauti, yadi nzima ikisikiza, nikazungusha ufunguo. Ikashika mara moja. Wale wa mkokoteni wakapiga makofi. Dan alikuwa ameshatoka na mngurumo wake wote, na mtu yeyote aliyekuwa barabarani aliamini.

Nilidhani Kiplagat angenishukuru. Alisimama hapo na kitambaa chake.

"Mama," akasema, polepole, "ukweli ningeujua tu ikifika Jumatatu."

"Jumatatu pikapu ingekuwa Nairobi."

"Najua. Nasema tu." Akaweka kofia. "Ungeniachia hata Jumapili moja."

Akapanda pikapu akaenda. Hakupiga honi langoni kama kawaida yake.

Nimeondoa gia za trekta juu ya mguu wa mtu, nimeungua mkono na maji ya rejeta, nimefukuzwa kazi mara mbili kwa kusema tajiri hajui lolote. Hakuna siku iliyonikaa kama hiyo. Kukosea si neno. Fundi asiyekosea hajafungua injini za kutosha. Lakini yule mtu alinunua kwa sikio langu, na mimi sikio nilikuwa nimelipeleka Elburgon kutembea. Kama Dan angejua kuhesabu ishirini, viazi vya Kiplagat vingeozea shambani.

Miezi ikapita. Nikasikia pikapu inapelekwa kwa fundi mwingine. Sikuuliza. Nilifundisha wale wa kufundishwa, nikapanga vifaa, nikahesabu spana, mbili hazipo hadi leo na mwenye nazo anajijua.

Wiki yangu ya mwisho, jioni, nikiwa nafunga stoo, nikasikia dizeli inaingia lango. Sikuhitaji kuangalia. Kiplagat akaiegesha pale pale ilipokuwa imelala ile nyekundu, akashuka, akafunga mlango.

"Mama, kuna mtu anataka kununua hii. Ananipa bei nzuri. Mimi sijui kama niuze. Unasemaje?"

Nilikuwa na jibu kwa ulimi. Injini nimeifungua mara mbili na mikono yangu, ningeweza kumwambia hali yake nikiwa usingizini. Nikaangalia boneti. Ilikuwa inatoa mvuke kwa mvua.

"Sisemi," nikasema. "Imekuja moto."

Kiplagat akacheka, mara ya kwanza tangu ile Ijumaa. Akatoa funguo mfukoni, akazitundika mwenyewe kwa msumari, kando ya kijiti cha podo.

"Basi ilale," akasema, akaenda kutafuta matatu ya Free Area.